Injini Baridi

Nilikalia kiti cha marehemu mume wangu, nikafungua ule mchezo wake wa mtandaoni wa ndege za kivita. Wenzo wa mafuta, ule wa kuchezea uliokuwa mezani, ulikuwa umelika pale alipozoea kuweka kidole gumba. Nikaweka changu, nikausukuma hadi mwisho.

Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika kabla ndege haijaruka. Mshale wa joto ulikuwa bado umelala.

Nikacheka peke yangu. Angeniona, angenitania mpaka kesho.

Ndipo sauti ya mtoto wa kike ikaja kwenye hedifoni nilizovaa.

"Wewe si baba. Baba huwa anangoja injini ipate moto."

Nikauachia wenzo. Sisi hatukujaliwa mtoto.

"Mama!" akaita. "Mama, njoo! Kuna mtu kwenye ndege ya baba!"