Siku Serikali Ilipolaani Vikali

Sheria ilikuwa hivi: nchi ikivamiwa, kila nyumba ya nchi iliyonyamaza ilifungiwa jikoni spika inayoleta sauti za jiko moja la nchi iliyovamiwa. Serikali ikitoa tamko la kulaani uvamizi, spika inazimika.

Ya Zuwena ilikuwa na siku arobaini haijazimika. Ilimletea mwanamke wa lugha asiyoielewa, ambaye kila akikoroga chungu hugonga mwiko ukingoni mara tatu.

"Eti tunafuatilia kwa karibu!" Zuwena alifoka, akikatakata vitunguu kama anayegombana navyo. "Wanafuatilia nini, Baba Riziki? Si waseme tu!"

"Watasema," mumewe alijibu. "Watu wamechoshwa na kelele."

Adhuhuri mwanamke yule alikoroga chungu, akagonga mara moja, mara mbili. Mtu akaanza kuupiga mateke mlango wake. Papo hapo spika ikazimika. Serikali ilikuwa imelaani vikali.

Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Zuwena aliitikisa spika, akaitegea sikio, akaitikisa tena.

"Iwasheni!" akapiga kelele dirishani. "Nani kawaambia mzime?"

"Mama Riziki, vipi tena?" mumewe alishangaa. "Si ulitaka waseme? Wamesema."