Kichuguu cha Ghorofa Mia

Palikuwa na mchwa fundi, kipofu kama mchwa wote, aliyezionea huruma nyasi. "Tukitapakaza vichuguu kila mahali tutazimaliza," aliwaambia wenzake. "Tujenge kimoja tu, cha ghorofa mia, nyasi zibaki za jirani yetu Panzi."

Wakajenga misimu mitatu. Siku ya kumaliza, fundi akapanda hadi kileleni, akaita kwa furaha, "Jirani, hebu nisimulie, nyasi zimependeza?"

Panzi, aliyekonda mpaka miguu inamtetemeka, akamuuliza, "Fundi, udongo wote huu mliuchimba wapi?"

Fundi akaikumbuka mizizi ya nyasi waliyoikata kila siku wakiutafuta udongo. Huko chini wenzake walikuwa wakishangilia, wakimwita ashuke awapimie kichuguu cha pili.