Utepe wa Bombani

Hospitali ya wanyama ilikuwa na mganga mkuu, Korongo, aliyependa sherehe kuliko usingizi. Bomba jipya la kunawia lilipowekwa wodini, alilifunga utepe mwekundu akatangaza kwamba halitaguswa mpaka Mheshimiwa Kiboko aje kulizindua.

"Na la zamani umeling'oa, bwana mganga," alisema muuguzi Kanga. "Tukitoka kidonda hiki kwenda kile, tunawie wapi?"

"Subira, mama Kanga. Serikali haikurupuki."

Kiboko aliahirisha, akaahirisha tena. Korongo aliendelea kuchokoa vidonda kwa mdomo uleule, kitanda hadi kitanda, mpaka usaha wa Fisi ukahamia kwa Swala, aliyeletwa kwa mwiba tu. Dawa ya kwanza haikufua dafu. Ya pili nayo vijidudu viliinywa kama uji. Swala akafa.

Hatimaye Kiboko alifika, lakini kwa machela, ubavu umechanwa ugomvini. Korongo akainamisha mdomo juu ya jeraha.

"Umenawa?" aliuliza Kiboko.

"Bado, Mheshimiwa."

"Unangoja nini?"

Kanga alikitazama kitanda kitupu cha Swala.

"Nilikuwa nakungoja wewe, Mheshimiwa," alisema Korongo, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuipenda.

Kiboko akafumba macho. Korongo akaenda bombani, akaukata utepe, akanawa. Hakuna aliyepiga makofi. Alinawa kwa muda mrefu sana, maana akigeuka angekutana na macho ya Kanga.