Kimya cha Haydn

Muziki ulikatika ghafla, na ukumbi mzima wa kanisa, pale North York, ughaibuni, ukapiga makofi. Mzee mmoja wa safu ya mbele aliinua kidole cha shahada, kilichopinda kwa baridi yabisi, akasema kwa sauti, "Bado!"

Anita alishtuka. Neno hilo, likisemwa vile, alilisikia mara ya mwisho sebuleni kwao Tanga, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Baba yake, Mgoa aliyefundisha fidla, alimpenda Haydn, mtunzi wa muziki wa Ulaya wa zamani, kwa utani wake.

"Huyu alitumikia jumba la wakubwa karibu miaka thelathini," baba alikuwa akisema, "lakini mzaha hakuuacha. Ananyamaza ili udhani amemaliza. Wewe hesabu tu, binti yangu."

Kweli, pale ukumbini, wapigaji wanne wa jukwaani walitabasamu, wakainua pinde zao, wakaendelea.

Wakati wa mapumziko Anita alimfuata yule mzee.

"Shikamoo. Nani alikufundisha kungoja vile?"

"Marahaba. Mwalimu Pinto, wa Tanga. Mimi ndiye mwanafunzi wake wa mwisho."

"Ni baba yangu." "Nilikuja huku, sikurudi tena. Hata kumzika sikumzika."

Watu walikuwa wameanza kurudi vitini. Mzee akaliondoa koti lake kwenye kiti cha pembeni.

"Kaa, Anita," alisema. "Mimi nilikuwepo."