Mlango wa Jikoni

Sabiha na mumewe, Shaibu, walikwenda kuitazama nyumba waliyotaka kuinunua. Mwenyewe, mjane aitwaye Nasra, akawatembeza vyumbani. Sabiha aligonga kuta, akachungulia dari, akaipenda. Mlango wa jikoni ulipomshinda kuufungua, Shaibu alimsogeza kando, akaunyanyua kidogo kwa kitasa, akausukuma kwa goti. Ukafunguka.

"Umejuaje?" Sabiha aliuliza.

"Milango ya zamani yote iko hivyo."

Nasra aliinamisha macho, akautengeneza mtandio wake.

Sabiha aliwatazama wote wawili kwa wivu. "Nyumba tunaichukua, dada," alimwambia mjane. "Ila mlango huu nitaung'oa."

Akaingia jikoni peke yake, akaufunga, akauegemea kwa mgongo, akisikiliza kama wale wawili waliobaki nje watasemezana.