Matundu ya Bi Siwatu

Siku Bi Siwatu alipowaita majirani waione nyumba yake mpya ya matofali ya udongo, Fundi Mbwiga, aliyeijenga, alivaa shati lake la harusini. Alikuwa na zawadi. Ramani ya nyumba ilionyesha matundu chini ya kuta na mengine juu karibu na paa, naye, fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini, aliona aliyeichora amepitiwa. Yote akayaziba kwa saruji, akalainisha, isionekane hata alama.

Adhuhuri wageni walijaa sebuleni, jasho likiwatiririka, wakijipepea kwa ncha za khanga.

"Fundi," Bi Siwatu akauliza polepole, "matundu yangu yako wapi?"

"Nimekuzibia, mama. Panya wangekusumbua."

Bi Siwatu alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Fundi wangu, hiyo ndiyo pua ya nyumba. Ubaridi uingie chini, joto litokee juu. Ungeweka wavu tu."

Mbwiga akachukua nyundo na tindo, uso umemshuka. Akatoboa tundu la chini, upande wa migomba. Hakuna kitu. Akapanda ngazi, akatoboa la juu. Pazia likatikisika, likavimba, na khanga zikatulia mabegani. Bibi mmoja aliyekuwa akiaga akavua viatu, akaketi tena.

Mbwiga akashuka, akaweka kiganja kwenye tundu la chini, akausikia ubaridi ukiingia.

Sinia la pilau lilipoletwa, mkewe alimtafuta. Akamwona kupitia dirishani, tindo mkononi, shati limejaa vumbi, anakwenda mbio nyumbani kwao, ambako kuta hazikuwa na tundu hata moja.