Kadi ya Wawili

Lyndon alirukia behewa la mwisho mlango ukimkosakosa kisigino, mkononi ana mikate miwili ya soseji, ya moto. Alidhani ameshinda. Treni ilipoiacha Newcastle, spika ikakohoa, na sauti ya mwanamke ikawaomba abiria waandae tiketi. Ukaguzi ungeanzia behewa la mbele kabisa.

Behewa la mbele kabisa ndiko alikokaa Ishbel, peke yake, na kadi yao.

Kadi yenyewe ilikuwa na picha mbili, majina mawili na sharti moja: wenye kadi wasafiri pamoja, nao wapunguziwe theluthi ya nauli. Mmoja akikutwa bila mwenzake, punguzo halipo na tiketi ni karatasi tu. Wanafunzi wengi wana kadi ya vijana, lakini hawa wawili walikuwa na miaka thelathini na mitatu na walisoma jioni, siku mbili kwa wiki. Kadi ya vijana ilishawapita, ya wazee haijawafikia. Walibaki na hii.

Nauli kamili hawakuwa nayo, na asiye na nauli hushushwa kituo kinachofuata. Harusi ilikuwa saa tisa alasiri, Dundee, na mchungaji alikuwa na harusi nyingine saa kumi. Bibi harusi akiachwa njiani na gauni lake begani, Lyndon alijua atalaumiwa yeye mpaka kaburini. Yote kwa sababu ya soseji.

Akakimbia. Aliruka mbwa, akakanyaga mguu wa mzee mmoja, akaomba radhi kwa kundi la mashabiki wa mpira waliomwimbia alipopita. Alipoufungua mlango wa behewa la mbele, aliwasikia kabla ya kuwaona.

"Mwenzio yuko wapi?" mkaguzi alikuwa akiuliza.

"Chooni," alisema Ishbel.

"Choo si hiki hapa, dada? Mbona kitupu?"

"Kaenda cha kule nyuma. Ana tumbo la kuchagua."

Lyndon akajitokeza, jasho likimtiririka kwenye kola ya shati lake jipya. Mkaguzi akamtazama yeye, akaitazama kadi, akamtazama tena.

"Wewe ndiye mwenye tumbo?"

"Akisema yeye, ndiye mimi."

"Na hiyo mikate?"

"Dawa."

Mkaguzi akaibana midomo ili asicheke. Akahesabu tiketi, nane kwa jumla, kwa kuwa Ishbel aliikata safari vipande vinne kwa kila mtu. York hadi Darlington, Darlington hadi Newcastle, na kuendelea, viti vile vile mpaka Edinburgh. Vipande vinne vilikuwa rahisi kuliko safari nzima, na Ishbel alitumia wiki mbili kuvitafuta badala ya kusomea mtihani.

"Mmebadilika sana tangu mpige hizi picha," mkaguzi alisema, akirudisha kadi.

"Sana," alisema Ishbel.

Alipoondoka, Ishbel alimgeukia Lyndon. "Nilikwambia usishuke. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Nina njaa tangu saa kumi na moja."

"Ungekula mkono wako. Na usinisogelee na mafuta hayo, gauni liko hapa."

Bibi mmoja aliyekaa mkabala nao, mwenye kofia ya sufu na kopo la keki, alikuwa amewasikiliza tangu York bila aibu yoyote. Sasa akashindwa kuvumilia.

"Samahani, wanangu. Hivi mnasafiri pamoja siku ya harusi? Enzi zetu bwana harusi hakuliona gauni mpaka kanisani. Ni mkosi."

"Huyu keshaliona, bibi," alisema Ishbel. "Ndiye aliyenisaidia zipu nilipolijaribu. Hana mkosi wowote, ana ulafi tu."

"Basi mtadumu," alisema bibi. "Mimi na marehemu mzee wangu tuligombana hivyo hivyo miaka arobaini na mbili." Akawakatia keki, kipande kikubwa akampa Lyndon, akamfinya shavu kabisa.

Lyndon aliila yote. Alimpenda Ishbel, na hakuwa na haja ya kujidanganya. Alipenda hata anavyomkaripia. Ishbel alisinzia, kichwa kikamwangukia begani, na Lyndon hakujitikisa mpaka mkono ukafa ganzi.

Edinburgh walibadilisha treni wakikimbia, Lyndon amebeba gauni juu kama bendera. Saa nane kasoro dakika tano wakateremka Dundee. Ishbel alishusha pumzi, akamwekea tai sawa, akampangusa makombo ya keki kidevuni.

"Asante, Lyndon," alisema. "Kweli kabisa. Sikutegemea ungekubali."

"Nisingekubali, ungekuja na nani?"

Kutoka mlango wa kituo akaja mwanamume mrefu amevaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, na ua kifuani, akikimbia. Alimkumbatia Ishbel, akambusu mdomoni mpaka miguu yake ikaacha ardhi, kisha akampokea Lyndon gauni na kumpa mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Lyndon, kaka yangu, Mungu akubariki kwa kuniletea mke wangu. Hiyo kadi yenu inaisha lini?"

"Novemba," alisema Lyndon.

"Afadhali," alisema bwana harusi. "Fungate ni Oktoba, na nauli ya Penzance si mchezo."